Bakuli la Mwisho la Ekefall

Hivi wewe msomaji wangu, mtoto wako wa kumzaa akipotea tangu kabla ya vita, kisha siku moja aingie mlangoni na ndevu zilizofika kifuani na viatu vilivyofungwa kwa kamba, utamjua kwa uso au kwa mikono?

Mzee Algot Hultgren alimjua kwa mikono.

Mtakumbuka tulipoishia wiki iliyopita. Mzururaji mgeni kaingia kiwandani kwetu Ekefall na wenzake kuota moto. Kachukua bomba la kupulizia vioo bila kumwomba mtu, akawa analizungusha vidoleni taratibu, kama mwanamke anavyosokota uzi. Na mzee Algot, mwenye kiwanda na fundi mkuu, kamwuliza: "Nani alikufundisha kuzungusha hivyo?"

"Wewe," yule mtu akajibu. "Wewe ndiye uliyenifundisha, baba."

Mimi nilikuwa nimekumbatia mganda wa majani makavu ya kufungia glasi. Niliuachia wote chini.

"Sixten!" Märta akapiga ukelele kutoka mlango wa chumba cha kufungia. Alikuja mbio, aproni yake imejaa majani, akamrukia kaka yake shingoni na uchafu wake wote na ndevu zake zote.

Mzee Algot hakusogea.

"Umechelewa," alisema. "Jioni hii tunazima tanuri."

Ukutani wazururaji walianza kupigana vikumbo. Huku mkoani kwetu Småland hatuwafukuzi. Joto la tanuri la vioo ni la kila apitaye, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na yule mmoja aitwaye Frasse alikuwa amelala kwetu misimu mingi ya baridi hata akajiona ana hisa.

"Kumbe wewe ni mtoto wa bosi!" Frasse akamwambia Sixten. "Na barabarani tumegawana mkate, mimi nikakupa kipande kikubwa!"

"Ulinipa kidogo."

"Basi ningejua ningekupa kikubwa."

Tulicheka. Mzee hakucheka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana wengine mmeanza kusoma leo. Kiwanda hiki kilijengwa na Salomon Hultgren, babu yake Algot, katikati ya msitu, kwa sababu palikuwa na kuni na hapakuwa na kitu kingine. Alianza na chupa za dawa, za kijani kibichi, nene, zenye shingo iliyopinda. Mwanawe Elof akapuliza mitungi ya maziwa na taa za stesheni. Elof alifia kazini, bomba likiwa mdomoni. Chupa aliyokuwa akiipuliza ikamaliziwa na mwenzake, ikauzwa pamoja na nyingine, na hakuna ajuaye iko nyumba gani leo. Algot ndiye aliyeleta mabakuli mapana, ya rangi ya maji ya ziwa kabla barafu haijashika. Bibi harusi wa wilaya yetu asipokuwa na bakuli la Ekefall mezani, wakwe walinong'ona.

Kisha zikaja glasi za mashine. Mafundi wakaondoka mmoja mmoja kwenda kiwanda kikubwa cha kule relini. Tanuri moja la kupozea likabomolewa, matofali yake yakajenga banda la nguruwe. Siku ile ya Jumamosi chungu kilichokuwa ndani ya tanuri kubwa kilikuwa na kioo kilichoyeyuka cha kutosha kitu kimoja tu. Kimoja, basi.

Hicho ndicho Sixten alichokifuata.

"Unataka nini?" baba yake akamwuliza.

"Unajua ninachotaka. Nataka neno langu."

Pale Ekefall mtu hakuitwa fundi kwa kuwa na miaka mingi kazini. Alipuliza bakuli moja mwenyewe. Bakuli likalala katika tanuri la kupozea, joto likishuka polepole, mlango umezibwa kwa udongo. Asubuhi fundi mkuu alilitoa, akaliinua kwenye dirisha la mashariki, akalitazama. Kama ni zuri, alisema neno moja: "Linafaa." Kama si zuri, hakusema lolote. Alilitupa katika pipa la vigae likayeyushwe upya.

La Sixten lilitupwa. Algot alisema lina kipovu kwenye kitako. Hakuna mwingine aliyekiona hicho kipovu, na vigae havina ushahidi. Jioni ile ile kijana akachukua koti lake akaondoka. Hakuandika, hakutuma salamu. Mama yao alikufa akilitazama lango.

"Amerika kuna kiwanda kinanipa kiti cha fundi mkuu," Sixten akasema. "Meli iko bandari ya Göteborg. Lakini siwezi kukaa kwenye kile kiti, baba. Nikikaa, nasikia sauti ya pipa. Nipe kioo kilichobaki nipulize. Kesho uliinue dirishani. Basi."

"Na likiwa na kasoro?"

"Litupe."

Mzee alimtazama viatu, akamtazama ndevu.

"Hizo ndevu zitashika moto," alisema. "Märta! Lete mkasi."

Ndipo nikajua amekubali.

Nimeona mabakuli mengi yakizaliwa, lakini lile sijalisahau. Mzee Algot alivua koti akashika kazi ya msaidizi, kazi ya kijana wa mwaka wa kwanza, yeye mwenye kiwanda. Alizamisha bomba katika chungu, akakwangua kioo chote kilichobaki, akatoa donge jekundu linalotiririka kama asali ya moto. Sixten akalipokea. Akaketi kwenye kiti chenye mikono mirefu, akalizungusha, akapuliza. Pumzi ndogo kwanza. Donge likafumbua tumbo.

"Polepole," baba yake akasema.

"Najua."

"Ulijua na zamani."

"Baba, ukitaka kuzungumza, njoo upulize wewe."

Frasse akaguna, "Ahaa, ni Hultgren kweli huyu."

Kibao cha mti kilicholowekwa majini kikagusa kioo, mvuke ukaruka. Bakuli likarudi motoni, likatoka, likarudi. Kila lilipotoka lilikuwa pana zaidi, na Sixten jasho likimtoka, mashavu yake yaliyoondolewa ndevu meupe kama ya mtoto. Niliona mzee akisogeza midomo. Alikuwa akipuliza naye bila bomba. Wala hakujua anafanya hivyo.

Lilipokwisha lilikuwa jepesi, mdomo wake mpana umeinama kidogo nje. Mzee akalibeba kwa uma mrefu mpaka tanuri la kupozea, akafunga mlango. Märta alikuwa ameshakanda udongo ndani ya ndoo. Algot akauchota kwa viganja akaziba ukingo wote wa mlango, akaupiga, akaulainisha.

"Asiufungue mtu mpaka asubuhi," akasema. Kwa mtu wa vioo, maneno hayo ni kama kumwambia samaki asitoke majini. Upepo wa nje ukigusa kioo chenye joto, ndiyo kwaheri.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna Hultgren aliyewahi kulifanya. Aliacha kutia kuni katika tanuri kubwa.

Märta alimfuata kaka yake nje kwenye rundo la kuni. Mimi nilikuwa upande wa pili naokota vijiti, nikasikia kila kitu, na sioni aibu kusema.

"Utaondoka lini?" Märta akauliza.

"Treni ya kesho asubuhi. Akisema linafaa, nachukua mfuko wangu naondoka na neno langu."

"Hutakaa hata siku moja?"

"Nikae nifanye nini, dada? Moto umezimwa. Watu wameondoka. Wewe mwenyewe, kwa nini uko hapa bado?"

Ningeweza kumjibu mimi. Märta alichumbiwa na mwalimu wa shule ya Ekefall, mtu mpole, mcheshi, mwenye baiskeli nzuri. Mama alipokufa, Märta akamrudishia pete. Nani angempikia baba? Nani angefunga glasi? Yule mwalimu alihama. Tangu hapo nyumba ya Hultgren ilikuwa na watu wawili na saa ya ukutani, na saa ndiyo iliyozungumza zaidi.

"Na asiposema?" Märta akauliza.

Sixten akacheka. "Asiposema nitakaa hapa hapa nimkere! Nitakula chakula chake, nitalala kitanda chake, nimkere mpaka awashe moto mwingine."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu," akasema, akimvuta sikio kama walipokuwa wadogo. "Wewe nawe! Hujabadilika. Nenda ukatutafutie chakula, nimekula mkate wa Frasse wiki nzima."

Jioni ile tulikula chakula cha kiwandani, chakula chetu cha tangu zamani: samaki wa chumvi waliookwa na vitunguu, soseji za kuvuta moshi, viazi vya maganda, haradali. Tuliketi kwenye magogo kuzunguka tanuri kubwa lililokuwa likipoteza wekundu wake. Frasse alipiga kodiani yake yenye funguo tatu mbovu, na kila alipofikia ufunguo mbovu aliimba mwenyewe kwa mdomo.

"Dada Märta," akasema akilamba vidole, "samaki wameiva hawa mpaka mifupa imekuwa siagi. Umewapika wapi?"

"Kwenye moto. Ulitaka niwapike kwenye theluji?"

Kicheko. Sixten akaongeza samaki mwingine, akausifu mkono wa dada yake, akamwambia mpishi wa namna hii Amerika hakuna. Mzee naye akala, akasema viazi vina chumvi.

Sasa nisikilizeni. Tuliokaa pale wote tulikuwa watu wa vioo. Tumezaliwa na moto, tumezeeka nao. Tunajua tanuri kubwa humfanya samaki majivu kabla hujaondoa mkono. Tunajua samaki wa chumvi huokwa katika tanuri la kupozea, na huokwa likiwa tupu. Tulijua pia kwamba tanuri la kupozea lililobaki lilikuwa moja tu, na bakuli limo ndani. Lakini hakuna aliyeuliza. Tulikuwa na njaa, na Sixten amerudi.

Ghafla, paa!

Kama bunduki. Frasse akaruka na kodiani yake.

Ni chungu. Kilikuwa kimepasuka ndani ya tanuri kwa kupoa. Chungu cha tanuri huishi maadamu kina moto, ukikinyima moto kinakufa kwa kelele. Mzee Algot akasimama, akavua kofia, kisha akaivaa. Hakuna aliyemaliza kula.

Asubuhi ya Jumapili mzee alikuja na suti yake ya kanisani. Sixten alikuwa amesimama kwenye dirisha la mashariki, mfuko wake uko miguuni, amechana nywele kwa maji. Frasse naye amenawa uso, jambo ambalo sijapata kuliona. Märta alikaa nyuma karibu na mlango, mikono ndani ya aproni.

Mzee alitangulia mbele ya tanuri la kupozea. Mimi nilikuwa karibu naye, nimebeba kitambaa cha sufu cha kulipokelea bakuli. Ndiyo maana niliona.

Udongo wa mlangoni haukuwa ule alioulainisha kwa viganja vyake vipana. Ulikuwa umepigwa upya kwa haraka, na ulikuwa na alama za vidole vyembamba.

Mzee aliutazama. Hakugeuza kichwa kumtazama mtu. Aliweka kiganja chake juu ya zile alama, akazifuta zote, moja baada ya moja, kama anayepangusa vumbi. Kisha akaubomoa udongo, akafungua.

Bakuli lilikuwa zuri, Mungu wangu. Rangi ya ziwa. Na lilikuwa na ufa kutoka mdomoni mpaka kitakoni.

Alipoligusa tu, likagawanyika vipande viwili, kila kipande kikabaki katika kiganja kimoja.



"Mlango ulifunguliwa," Sixten akasema. Sauti haikuwa yake. "Kioo hakipasuki hivyo chenyewe. Kuna mtu aliufungua likiwa la moto. Nani?"

"Mimi," mzee Algot akajibu.

Niligeuka kumtazama. Uso wake ulikuwa kama matofali.

"Wewe?"

"Nilitaka kuliona. Sikuweza kungoja. Ni uzee."

"Wewe! Fundi mkuu! Ufungue mlango wa tanuri la kupozea kwa sababu huwezi kungoja?"

"Nimesema ni mimi."

"Mara ya kwanza ulilivunja kwa mkono," Sixten akasema, na machozi yakawa yanamshuka kwenye mashavu yake mapya. "Mara hii umelivunja kwa mlango. Kwa nini hukuniambia tu nisije? Mama alikufa bila mimi kwa sababu ya kipovu chako, na mimi nikarudi! Nimetembea kwa miguu kutoka mpakani nikarudi!"

"Sixten, rafiki yangu," Frasse akaanza.

"Nyamaza, Frasse."

Mzee Algot akatembea mpaka dirishani. Alibeba vipande vyote viwili, akaviunganisha kwa mikono yake, akaviinua kwenye mwanga. Ufa ulionekana kama unywele. Alitazama kitako. Alitazama mdomo. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu chochote. Vile vipande vikawa vinagongana mikononi mwake, ti, ti, ti.

"Linafaa," akasema.

Hilo ndilo neno. Lile lile ambalo Sixten alilibebea machungu tangu kabla ya vita. Limesemwa, tena mbele ya mashahidi.

Mnadhani alifurahi?

"Hapana," Sixten akasema. "Hapana, baba. Sasa unasema kwa sababu limevunjika. Huwezi tena kulitupa, basi unanihurumia. Hilo si neno. Hiyo ni sadaka."

"Sixten. Nasema linafaa. Kitako hakina kitu, kioo ni safi, mdomo wake..."

"Usiendelee!"

Mzee akabaki amesimama na zile nusu mbili, hajui pa kuziweka. Pipa la vigae lilikuwa pale pale kando yake na hakulitazama.

Sixten akainama akachukua mfuko.

"Nilikuja kuchukua kitu kimoja," akasema. "Hata hicho nimenyimwa. Sitarudi tena kukuzika, mzee. Watakuzika hao wazururaji wako."

Kutoka stesheni, ng'ambo ya ziwa, treni ilipiga honi ya kwanza. Sixten akaelekea mlangoni. Kule mlangoni alisimama Märta.

"Nipishe, dada."

"Baba anasema uongo."

"Märta!" mzee akafoka kutoka dirishani. "Nyamaza. Nenda nyumbani ukaweke kahawa."

"Anasema uongo, Sixten. Hakuufungua. Baba hajafungua mlango ule kabla ya wakati maisha yake yote." Alitoa mikono ndani ya aproni. Kwenye kucha zake udongo ulikuwa umekauka. "Wale samaki uliowala jana. Uliwasifu sana. Ulidhani wameiva wapi?"

Frasse akajishika tumbo, kana kwamba samaki wale wamerudi kumdai.

Sixten akaweka mfuko chini. Hasira yote ilimtoka usoni, akabaki mtu aliyechoka tu.

"Basi ulisahau," akamwambia kwa upole. "Ulituona tuna njaa, ukasahau kwamba limo. Ni bahati mbaya, dada yangu. Hata mimi mwenyewe nilikula bila kuuliza. Usilie."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea. Sote tuliuona. Mzee aliuona, akatikisa kichwa haraka haraka, "Alisahau, ndiyo, alisahau, mtoto wa watu alisahau."

Märta angeweza kupita hapo. Angelia kidogo, wangemkumbatia, yangekwisha.

"Sikusahau," Märta akasema.

"Märta, mwanangu, tafadhali," baba yake akamwambia. Sijawahi kumsikia mzee yule akisema tafadhali.

"Niliutoa ule udongo kwa mikono yangu. Nikaweka samaki, nikaacha mlango wazi. Nilikaa pale na baridi inaingia, mpaka nikalisikia likilia. Ndipo nikafunga."

"Lakini kwa nini?" Sixten akauliza. "Nimekukosea nini mimi?"

"Ulisema asiposema utakaa."

"Nilikuwa natania! Märta, ule ulikuwa utani!"

Honi ya pili ikapigwa kule ng'ambo. Hakuna aliyegeuza kichwa.

"Nilijua ni utani," Märta akasema. "Nilijua kabisa, nikafungua. Wewe ulikuja kutafuta neno lako. Baba naye alikuwa na tanuri lake. Kila mtu katika nyumba hii anajua anachotaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi. Nilitaka ukae, Sixten. Ungekaa kwa hasira, ungekaa bila kunisemesha, ungekaa ukivunja vyombo vyote vya nyumba, mimi ningekupikia. Nilitaka mtu mmoja tu asiondoke."